Fundi wa wikendi anapostaafu: jinsi ya kurudisha magari ya kispoti ya wenzako

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina moja tu. Hana gereji, hana leseni ya biashara, ana kazi yake nyingine Jumatatu hadi Ijumaa, lakini ua wa nyumba yake umejaa magari ya kispoti ya watu wengine. Alianza kwa kumsaidia rafiki kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya vali. Sasa kuna MGB, gari la kispoti la Kiingereza, chini ya mwembe, Datsun isiyo na injini kando ya tangi la maji, na giaboksi ambayo hakumbuki vizuri ilitoka kwa nani. Amechoka, anataka kuacha, na hajui aanzie wapi.

Hali hii ina chanzo chake. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na tangu hapo Kenya haijawahi kuliona kama gari la kawaida. Kuna MGB na Triumph zilizobaki tangu miaka ya sitini na sabini. Kuna Alfa Romeo zinazong'arishwa kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano ya uzuri wa magari, pale Ngong Racecourse. Na tangu Safari Classic, mbio za magari ya kale, ianze mwaka 2003, Porsche 911 za zamani nazo zimepata wapenzi wapya. Wenye magari wapo. Wanaojua kulinganisha kabureta mbili za SU, zile za Kiingereza zinazofungwa pacha kwenye injini moja, ni wachache, na wanazeeka. Ukishajulikana kwamba unaweza, Jumamosi yako si yako tena.

Niseme mapema ninachoamini, maana hatua zote zinasimama juu yake: huhitaji kuyamaliza magari ndipo uache. Unachohitaji ni kulifikisha kila gari mahali salama, ambapo fundi mwingine anaweza kulipokea bila kubahatisha. Watakuwepo wa kukukumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Waache waseme. Gari la miaka hamsini halina mwisho wa kazi. Unafungua breki za MGB, unakuta bomba limeoza. Unabadilisha bomba, unagundua chuma cha chini ya mlango kimeliwa na kutu. Kipande cha kuziba kinatoka Uingereza, kinakaa forodhani kikisubiri ushuru, na huku unasubiri, kabureta zilizokuwa sawa zinakauka na kuganda. Nissan wenyewe, miaka ya tisini, walinunua 240Z chakavu huko Marekani, wakazifufua na kuziuza upya. Mpango ulifungwa mapema, magari yakiwa machache tu. Hao ndio waliolitengeneza gari hilo, na walikuwa wanalipwa.

1. Tangaza kwanza, na usitoe sababu

Usianze kwa kuhesabu magari. Ukianza kuhesabu, mtu atapita jioni, akuone na daftari, na akuachie moja jingine "kwa wiki moja tu". Funga mlango kwanza.

Chagua tarehe, miezi mitatu au minne mbele, uiandike. Kisha waambie wote siku moja, kwa maneno yale yale. Ukimwambia mmoja leo na mwingine wiki ijayo, wa kwanza atakimbia kuleta gari lake kabla mlango haujafungwa, na wa mwisho atajiona amedharauliwa. Ujumbe wa kutuma kwenye kikundi cha wapenzi wa magari unaweza kuwa hivi:

"Habari zenu ndugu. Kuanzia mwisho wa Machi sitengenezi tena gari ambalo si langu. Magari yaliyopo kwangu, nitawapigia wenyewe mmoja mmoja wiki hii tupange yatakavyoondoka. Sipokei jingine, hata la kuangalia tu. Asanteni kwa kuniamini miaka yote hii."

Hakuna sababu ndani yake, na hilo ni la makusudi. Wapenzi wa magari ni watu wa kutatua matatizo. Ukisema huna nafasi, kuna atakayekupa gereji yake. Ukisema mgongo unauma, ataleta jeki ya kisasa na kijana wa kukusaidia. Ukisema mama watoto amelalamika, ataletewa keki. Neno "nimeacha" halina spana inayolifungua.

Kuna watu wasiopaswa kusoma habari hii kwenye kikundi. Mzee aliyekufundisha kazi, au yule ambaye gari lake ndilo lilikuwa la kwanza kuingia uani, mpigie simu au mwendee asubuhi ya siku hiyo hiyo kabla hujatuma. "Mzee, nimeona nikwambie wewe kwanza kabla ya wengine." Anaweza kununa kidogo. Akisoma kwenye simu pamoja na vijana, atanuna mwaka mzima.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "njoo usikilize tu mlio wake". Kusikiliza ni kufungua boneti, kufungua boneti ni kushika skrubu ya kabureta, na ukishashika skrubu ya kabureta, tatizo la gari hilo ni lako mpaka Desemba. Jibu ni moja: "Siku hizi sisikilizi, lakini nitakupa namba ya kijana anayeweza."

2. Hesabu kila kitu, na uulize cha nani

Sasa chukua daftari na simu yenye kamera. Pita uani, kwenye stoo, chini ya meza, juu ya dari, na kwenye buti la gari lako mwenyewe. Kila kitu kipate mstari: ni nini, cha nani, kiliingia kwa sababu gani, na nani alikilipia. Piga picha.

Magari hayaleti ugomvi. Kinacholeta ugomvi ni vipande vilivyohama. Kila fundi wa wikendi amewahi kuchomoa distribyuta ya gari lililolala akamwekea yule aliyekuwa na harusi Jumamosi, kwa nia njema kabisa, akisema atairudisha Jumatatu. Vitu hivyo vifuatilie kimoja kimoja na uvirudishe kwenye gari lake. Kama haiwezekani, wakutanishe wenyewe wawili mbele yako wakubaliane, na muandike. Usiamue wewe peke yako kwamba "zinafanana". Kwa mtu anayepeleka gari kwenye mashindano ya uzuri, kabureta mbili zenye namba tofauti hazifanani hata kidogo.

Soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile ya chesisi, uzilinganishe na logibuku. Injini iliyoko kwenye stendi ikiwa siyo iliyoandikwa kwenye logibuku, mwenyewe aijue leo, kutoka kwako. Siku ya kuuza gari itajulikana tu, na mnunuzi atauliza injini halisi ilibaki wapi.

3. Kila gari lipe kituo chake

Yapange kwa mafungu matatu.

Yanayotembea yaondoke kwanza, ndani ya wiki mbili. Funga ulichofungua, usifungue kingine. Kama mwenyewe alitaka pia utazame kelele ya difu, hiyo iandike kwenye karatasi yake na umwachie fundi ajaye.

Yasiyowaka lakini yakiwa mazima, lengo lake ni kubingirika. Matairi manne yenye upepo, usukani unaozunguka, ufunguo, na mahali pa kufungia mnyororo pasipokunja chuma. Gari la hivi linapandishwa kwenye bredauni kwa dakika chache. Lisilobingirika linaburutwa, na likiburutwa ndipo bampa ya kromu ambayo haipatikani popote inapovunjika mlangoni kwako.

Fungu la tatu ndilo gumu: yaliyofunguliwa vipandevipande. Hapa ushauri wangu unawakera wengi. Usiifunge injini kwa haraka ili tu ionekane nzima. Injini iliyofungwa harakaharaka ni mzigo kuliko iliyo wazi, kwa sababu fundi ajaye hawezi kuiamini. Ataifungua tena, na gasketi ulizoweka zitatupwa. Iache wazi, lakini iache ikisomeka.

Injini ya 240Z, ile L24 yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2393, ina beringi kuu saba za krankishafti. Kila kofia ya beringi ina mahali pake na upande wake wa kutazama. Kofia ya tatu ikikaa mahali pa nne, shafti haizunguki au inajila. Kama namba hazionekani, tia alama, kisha rudisha kofia mahali pake na ukaze boliti kwa mkono tu. Vile visahani vidogo vinavyokaa juu ya vali, chini ya mkono unaozisukuma, kila kimoja kimeshazoeana na vali yake. Vipange kwenye trei ya mayai, andika 1 mpaka 12 kwa kalamu isiyofutika, funika kwa nailoni. Kwa MGB, toboa kadibodi matundu manane, choma fimbo za kusukumia vali kwa mpangilio wake, andika upande wa mbele. Kwa Alfa zenye kemushafti mbili juu, zile shimu, visahani vyembamba vya chuma, chini ya vikombe vya vali zina unene tofauti tofauti. Zipime kwa mikromita na uandike unene kando ya namba ya vali. Ni kazi ya saa moja, na itamwokolea mwenzako siku mbili.

Paka oili nzito ndani ya silinda na kwenye shafti, fungia kwa nailoni safi. Boliti za kila sehemu ziingie kwenye mfuko wake wenye karatasi ndani. Karatasi ya nje hudondoka. Vitu vidogo visisafiri huru kwenye buti. Na bodi, hata kama haina injini, irudishie sasipensheni na magurudumu ili ibingirike kama zile za fungu la pili.

4. Breki zina sheria yake peke yake

Kila nilichosema juu ya kutomaliza hakihusu breki. Gari ambalo umegusa breki zake na hukumaliza haliondoki kwa magurudumu yake, hata kama mwenyewe anakaa mtaa wa pili, hata akisema ataendesha polepole. MGB za mwanzo zina mzunguko mmoja tu wa breki: bomba moja likipasuka, pedali inazama mpaka chini na hakuna gurudumu hata moja linaloshika.

Una njia mbili. Ya kwanza, maliza: badilisha mpira wa masta silinda na wa silinda za magurudumu, toa hewa, kisha kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikishuka hata kidogo, hujamaliza. Ya pili, ita bredauni na ufunge kwenye usukani kitambaa chekundu chenye karatasi: BREKI HAZIJAKAMILIKA, USIENDESHE. Upige picha usukani huo, gari likiwa limepakiwa na namba ya usajili ikionekana.

Andika pia ni mafuta gani ya breki yaliyomo. DOT 3 na DOT 4 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nazo. Wapenzi wengi wa magari ya kale huweka silikoni kwa sababu haichubui rangi, na fundi asiyejua anaongeza DOT 4 juu yake. Karatasi ya maneno matatu kwenye kifuniko cha masta silinda inatosha kuzuia hilo.

Na ukiwa unasafisha brekishuu kuukuu, usipulize vumbi lake kwa kompresa. Nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, funga kitambaa kwenye mfuko na utupe. Ukiwa na watoto nyumbani, kazi hiyo usiifanyie karibu na kamba ya kuanikia nguo.

5. Karatasi ya gari

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami ningeipa muda kuliko zote. Baada ya miaka ya kulishika gari, nusu ya habari zake ziko kichwani mwako. Usipoziandika, hujaacha, utapigiwa simu mpaka uzeeke.

Karatasi moja, pande mbili, kwa kila gari. Usiandike yaliyo kwenye kitabu cha gari, isipokuwa yale ambayo fundi huyatafuta kila mara. Kwa 240Z, kwa mfano: mpangilio wa moto 1-5-3-6-2-4, na nafasi ya vali injini ikiwa ya moto ni milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa eksozi. Kwa MGB: moto 1-3-4-2, pointi za distribyuta zifunguke kama milimita 0.35 hadi 0.40. Kwa Porsche 911 ya zamani: nafasi ya vali milimita 0.10 injini ikiwa baridi kabisa, na oili ipimwe injini ikiwa ya moto na ikinguruma, gari likiwa mahali tambarare. Anayepima injini ikiwa imezimwa ataona oili pungufu, ataongeza, na eksozi itafuka moshi mpaka majirani watoke.

Kisha andika yale ambayo hakuna kitabu kinayajua:

Umeme. MGB zilizotoka kabla ya mwisho wa 1967 ziliunganishwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nyingi zilishageuzwa. Hii unayorudisha iko vipi? Andika kwa herufi kubwa na ubandike karibu na betri. Nazo betri kwa kawaida ziko mbili za volti 6 nyuma ya viti, na fundi mgeni huzitafuta mbele kwa nusu saa.

Boliti. Za Kiingereza ni za inchi, za Kijapani na Kijerumani ni za milimita. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inalegea kidogo tu, inateleza, na kona za nati zinaisha. Yaandike hayo hata kama unaona ni ya kitoto.

Petroli. Yenye madini ya risasi ilishaondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na hedi nyingi za magari haya zilitegemea risasi ile kulinda viti vya vali. Kama hedi ilishawekwa viti vigumu, andika lini na wapi. Kama bado, andika bado.

Kabureta. Sindano zilizomo ni za namba gani, nati ya mchanganyiko umeishusha mizunguko mingapi kutoka juu, na oili gani umetia kwenye vile vichupa vya juu.

Viraka. Waya uliopitisha pembeni kwa sababu wa zamani uliungua, skrubu uliyoibandika kwa gundi, relei ya gari jingine kabisa, hozi iliyofungwa na klipu isiyo yake. Kila fundi anavyo. Viandike vyote bila kujitetea. Fundi anayekutana na kiraka kilichoandikwa anakiheshimu. Akikutana na kilichofichwa, anaanza kushuku kila kitu ulichogusa.

Tabia. Gari hili haliwaki likiwa la moto mpaka usubiri dakika kumi. Lile, gia ya kwanza haiingii gari likiwa linatembea; MGB za kabla ya mwisho wa 1967 ndivyo zilivyoundwa, usimruhusu mtu afungue giaboksi kutafuta ugonjwa.

Nakala moja mpe mwenyewe, nyingine iende kwa fundi ajaye, ya tatu ibaki na wewe kama picha kwenye simu.

6. Pesa

Rudisha amana kwanza. Kama mtu alikutumia pesa ya kuagiza gasketi na hukuagiza, pesa hiyo irudi kabla hujazungumza lolote kuhusu anachodaiwa.

Spea ulizonunua kwa pesa yako na zikafungwa kwenye gari la mwenzako, dai bei uliyonunulia pamoja na ushuru, kwa risiti au ujumbe wa M-Pesa. Usipokuwa na ushahidi, itaje mara moja, akikataa samehe. Na kazi ya mikono uliyoifanya miaka yote kwa chakula cha mchana na pesa ya soda, usiigeuze ankara leo. Uliitoa kwa mapenzi, na ukiidai sasa utakuwa umemuuzia rafiki kitu alichojua ni zawadi.

Siku ya kuondoka gari, andikishaneni: tarehe, maili kwenye dashibodi, funguo ngapi, vitu gani vimekwenda nalo, picha za pande nne. Mwenyewe aje aliendeshe au alete bredauni. Usimpelekee. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na huenda bima ya gari lililolala uani kwako miaka miwili ilikwisha zamani. Tazama cheti cha bima kabla gari halijagusa lami.

7. Gari lisilo na mwenyewe

Daima liko moja. Mwenyewe alihamia Kanada, au alifariki na watoto hawajui hata kama gari lipo.

Kama yuko hai, mtumie ujumbe wenye tarehe, picha na anwani ya mahali gari lilipo, na umtake amtaje mtu wa kulichukua. Kama amefariki, usimkabidhi wa kwanza anayekuja na ufunguo, hata akiwa kifungua mimba. Subiri familia ioneshe karatasi za mirathi. Magari haya yana bei siku hizi, na ndugu waliokuwa wakiliita mkebe wa takataka wataligombania wakisikia limeuzwa.

Kenya ina sheria ya mali isiyochukuliwa, sura ya 38. Ukisoma Gazeti Rasmi la Serikali utaona matangazo yake mara kwa mara: mwenye gari la namba fulani aje alichukue ndani ya siku 30 baada ya kulipa anachodaiwa, la sivyo litauzwa kwa mnada. Muone wakili kabla ya kuanza njia hiyo, kwa sababu ina masharti yake. Cha msingi ni kwamba hata kama gari limekaa kwako miaka mingi, huna ruhusa ya kuuza kabureta zake "kulipia nafasi". Hata boliti moja.

8. Mtafute wa kumwachia

Kijana wa jua kali anayetengeneza Toyota za sindano za umeme ana mikono mizuri kuliko yetu. Anachokosa ni kwamba hajawahi kuona gari lisilo na kompyuta. Mtafute mmoja, mwenye subira, anayerudisha spana mahali pake. Muite siku ya kulikabidhi gari linalotembea, na umfundishe jambo moja tu, lile linalowaleta watu kwako: kabureta pacha za SU.

Injini ipate moto kabisa. Toa vichungi vya hewa. Legeza klipu za fimbo inayounganisha kabureta mbili, kila moja ijitegemee. Chukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza. Sikiliza mvumo wa hewa. Hamia ya pili, mahali pale pale pa mdomo. Rekebisha skrubu za mwendo mpaka mivumo ilingane, kisha kaza klipu bila kuisukuma fimbo. Baada ya hapo mchanganyiko: kabureta moja moja, inua pistoni yake kwa kile kipini cha chini, kama milimita moja tu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikisitasita na kutaka kuzima, ni pungufu. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, hapo pameshika. Ukimaliza, rudia mivumo, maana moja huvuruga nyingine.

Kipo kifaa cha kupimia hewa badala ya hozi, na ni kizuri. Lakini aanze kwa sikio. Akishalizoea, mpe kifaa hicho, pamoja na taa ya taimingi, spana za inchi na kile kibati chako cha sindano za kabureta. Usimuuzie. Mkubaliane kwamba kwa mwezi mmoja anaweza kukupigia simu kuuliza, na baada ya hapo awapigie wengine. Vinginevyo atakuwa mikono yako tu, na wewe utaendelea na kazi ile ile ukiwa umekaa kwenye kiti.

9. Uwanja wenyewe

Oili chafu ikusanye kwenye madumu na uwape wanaoinunua kwa kusafishwa, usiimwage chini ya ua. Betri zilizokufa zina risasi na zina wanunuzi wake. Petroli ya zamani iliyogeuka rangi usiitie kwenye gari la mtu, hata la kwako.

Gari lako mwenyewe baki nalo, na uwe na spana za kulitosha hilo tu. Ukiulizwa ushauri kwenye simu, mpe mtu maswali ya kumuuliza fundi wake. Kamwe usiseme "hilo halina shida, endesha", hasa likihusu breki, usukani au mafuta yanayovuja. Winchi ya kuinulia injini na stendi yake uviuze wiki ile ile gari la mwisho linapotoka. Vikiwa bado vimesimama uani, mtu atapita, atavitazama, na atasema ana injini moja ndogo tu.